Amana ya Matofali Mekundu

Ukitoka stesheni ya treni ya Morioka, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani, ukatembea kuelekea mashariki kwa muda wa nusu saa hivi, utapita kando ya kuta za mawe za ngome ya zamani kisha utafika kwenye daraja la Nakanohashi. Chini yake unapita mto Nakatsu, wenye maji maangavu. Kila msimu wa vuli samaki wa samoni huupanda kutoka baharini hadi katikati ya mji kutaga mayai, na wapita njia huinama darajani kuwatazama. Inua macho uvuke ng'ambo. Pale kwenye kona limesimama jengo la matofali mekundu, lililofungwa mikanda ya mawe meupe ya itale, na juu ya pembe yake kuna kuba la rangi ya kijani.

Jengo hilo lilikamilika mwaka 1911 likiwa makao makuu ya Benki ya Morioka. Leo ni nyumba ya makumbusho na matamasha. Benki iliyolijenga ilikufa zamani, lakini jengo lipo. Kisa cha benki kutangulia kufa na kuta zake kubaki ndicho kinachonifanya niamini kwamba nyumba hii ina la kutufunza hata sisi tulio mbali nayo.

Kiswahili kina neno linalotufaa hapa: amana. Ukiweka fedha benki, umeweka amana. Jirani akikuachia ufunguo wa nyumba yake anaposafiri, naye amekuachia amana. Neno hilo ni ndugu wa imani na uaminifu. Wazee waliolitumia walijua kwamba fedha ya mtu haikai mahali pasipokuwa na imani. Waliojenga jengo la Morioka walilijua hilo pia, nao walilisema kwa matofali.

Mji uliotaka kuinua kichwa

Mwaka 1868 Japani iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, utawala wa makamanda wa kisamurai ulipoondolewa na mamlaka kurudishwa kwa Mfalme. Ukoo wa Nanbu, uliotawala Morioka, ulikuwa upande ulioshindwa. Kwa miaka mingi baadaye watu wa kaskazini mashariki walidharauliwa. Palikuwa na msemo wa kejeli kwamba ukishavuka Shirakawa kwenda kaskazini, mlima mzima thamani yake ni sarafu mia tu. Hara Takashi, mzaliwa wa Morioka aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1918 hadi 1921, aliigeuza dharau hiyo kuwa fahari. Jina lake la uandishi, Ichizan, maana yake ni mlima mmoja.

Reli kutoka Tokyo ilifika Morioka mwaka 1890. Miaka sita baadaye Benki ya Morioka ikaanzishwa. Biashara ilipokua, wenye benki walitaka nyumba ambayo mgeni yeyote kutoka mji mkuu akiiona ataheshimu. Wakaipeleka kazi kwa ofisi ya wasanifu wawili wa Tokyo, Tatsuno Kingo na Kasai Manji. Kasai alikuwa mwana wa Morioka. Kwake kazi hii ilikuwa ya nyumbani.

Mwanafunzi wa kwanza

Tatsuno alizaliwa mwaka 1854 huko Karatsu, kusini magharibi mwa nchi, katika familia ya samurai wa daraja la chini. Serikali mpya ilipofungua chuo cha uhandisi mjini Tokyo, ilimwita kijana Mwingereza, Josiah Conder, afundishe usanifu wa majengo. Conder alimzidi Tatsuno miaka miwili tu. Kundi la kwanza la wahitimu wa usanifu, mwaka 1879, lilikuwa na vijana wanne, na Tatsuno alikuwa mmojawao.

Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza, akafanya kazi katika ofisi ya msanifu William Burges. Inasimuliwa kwamba huko aliulizwa kuhusu historia ya ujenzi wa kwao Japani, akakosa la kujibu. Aibu hiyo hakuisahau. Aliporudi akawa profesa, na baadaye akahakikisha wanafunzi wake wanafundishwa pia ujenzi wa mababu zao.

London ya siku hizo ilikuwa imependa majengo ya matofali mekundu yaliyopambwa kwa mawe meupe. Tatsuno alirudi na mtindo huo, akaurudia mara nyingi kwa mkono wake mwenyewe, hata Wajapani wakauita mtindo wa Tatsuno. Kazi zake mbili kubwa ziko Tokyo: makao makuu ya Benki Kuu ya Japani, yaliyokamilika mwaka 1896, na stesheni ya Tokyo ya mwaka 1914. Aliyeiona stesheni hiyo akija Morioka atadhani amekutana na mdogo wake, ila huyu wa Morioka ndiye aliyetangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu.

Tatsuno alikuwa na jina la utani. Kwa Kijapani neno "kengo" ni imara, na watu wakaligeuza jina lake: badala ya Tatsuno Kingo wakamwita Tatsuno Kengo, yaani Tatsuno Imara. Walimaanisha majengo yake. Ukiziangalia kuta za Morioka, utaelewa.

Kwa nini matofali?

Miji ya Japani ilijengwa kwa mbao na karatasi, na adui wake mkubwa alikuwa moto. Mwaka 1872 mtaa wa Ginza mjini Tokyo uliteketea, na serikali ikaamuru ujengwe upya kwa matofali. Tangu hapo tofali la kuchoma likawa alama ya mambo mapya: lililotoka motoni haliogopi moto. Matajiri walikuwa wamezoea kuweka mali katika ghala zenye kuta nene za udongo. Sasa benki ziliwataka watoe fedha ghalani wazikabidhi kwa makarani wasiowajua.

Sheria ya benki ilitoka mwaka huohuo wa 1872, na benki zilizofunguliwa chini yake zilipewa namba badala ya majina. Kufikia 1879 zilikuwa 153. Morioka ilipata Benki ya 90, iliyoanzishwa mwaka 1878. Benki hiyo nayo ilijenga nyumba nzuri ya matofali mwaka 1910, dakika chache kwa miguu kutoka ile ya Tatsuno. Mkulima aliyekuja mjini na fedha kiunoni hakuweza kukagua vitabu vya hesabu. Alichoweza kukagua ni ukuta. Mikanda ya itale, kuba na mlango mzito vilimwambia: weka hapa, hapa hapatoweki.

Lakini Japani ina adui mwingine, tetemeko, na tofali halipatani nalo. Mwaka 1891 tetemeko la Nobi liliangusha majengo mengi ya matofali na kuua watu zaidi ya 7,000. Tarehe 1 Septemba 1923 likaja tetemeko la Kanto, lililoua watu zaidi ya 100,000 Tokyo, Yokohama na jirani zake, wengi wao kwa moto uliofuata. Ryounkaku, mnara wa ghorofa 12 wa mtaa wa Asakusa ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ya matofali, ulikatika. Baada ya hapo wajenzi wakaingia kwenye zege na nondo, na enzi ya kuta za matofali ikafungwa. Ilikuwa imedumu kama miaka 50 tu. Ndiyo maana kila jengo lililobaki kutoka enzi hiyo ni la thamani, na katika eneo lote la kaskazini mashariki hili la Morioka ndilo pekee la Tatsuno lililosalia.

Akiba ilipooza

Waswahili husema akiba haiozi. Historia ya Morioka inatukumbusha kwamba inaweza kuoza ikikosa mwenye kuiaminisha.

Machi 1927 waziri wa fedha, Kataoka Naoharu, alisimama bungeni akasema benki moja ya Tokyo imefilisika, ilhali siku hiyo ilikuwa bado inafanya kazi. Maneno yalimtoka, hayakurudi. Watu walikimbilia mabenki kutoa fedha zao, na hofu ikasambaa nchi nzima. Noti zilihitajika kwa haraka kiasi kwamba Benki Kuu ilichapa noti za yen 200 zenye maandishi upande mmoja tu, nyuma nyeupe kabisa, ili kaunta za mabenki zionekane zimejaa fedha.

Dhoruba hiyo ilitulia, ikaja kubwa zaidi. Januari 1930 Japani iliirudisha sarafu yake kwenye kipimo cha dhahabu, wakati uchumi wa dunia tayari unaporomoka. Wamarekani walipunguza kununua hariri, na bei yake ikaanguka. Familia za vijijini zilizofuga viwavi wa hariri zikakosa kipato, na mwaka 1931 baridi ikaharibu mpunga wa kaskazini. Mkopaji hakuweza kulipa, mwenye amana akaitaka amana yake. Mwishoni mwa 1931 benki tatu kubwa za mkoa wa Iwate, ambamo Morioka imo, zilikwama: Benki ya Morioka, Benki ya 90, na Benki ya Iwate ya wakati huo.

Hebu wazia siku hizo mbele ya jengo hili. Kuta zilikuwa zilezile zilizoahidi uimara miaka 20 nyuma. Kuba lilikuwa juu, itale ilikuwa mahali pake. Jengo la Tatsuno Imara halikutetereka, lakini amana iliyowekwa ndani yake haikuwa na pa kushika. Tofali linaweza kuzuia moto. Haliwezi kuzuia hofu ya mtu anayetaka fedha zake, wala haliwezi kulipa deni la mkulima aliyekosa mavuno.

Mwaka 1932 ilianzishwa benki mpya, safari hii mkoa wenyewe ukishika sehemu ya mtaji. Iliitwa Iwate Shokusan, jina lenye maana ya kukuza uzalishaji. Mwaka 1936 ikalinunua jengo la benki iliyokufa na kuhamia humo. Mwaka 1960 ikabadili jina kuwa Benki ya Iwate, ambayo ipo hadi leo.

Nyumba hutunzwa na mkaaji

Hapo ndipo ninapoona siri ya kuokoka kwake. Nyumba ikihamwa huanza kufa: paa huvuja, mbao huliwa, na siku moja mtu huja na ramani ya maegesho ya magari. Jengo la Morioka halikuhamwa kwa muda mrefu. Lilikuwa makao makuu hadi 1983, kisha likawa tawi la Nakanohashi. Mwaka 1994 serikali ililitangaza kuwa Mali Muhimu ya Utamaduni likiwa bado ni benki. Mteja aliingia kuweka mshahara wake mle ambamo wengine waliingia kama makumbusho. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa lilipotikisa kaskazini mashariki na bahari kumeza miji ya pwani ya Iwate, makarani walikuwa bado wanafanya kazi ndani yake. Lilitikiswa, likabaki limesimama.

Agosti 2012 kazi ya benki ilikoma humo, baada ya zaidi ya karne moja. Ukarabati ukafuata, na Julai 2016 milango ikafunguliwa kwa umma.

Ukiingia, ukumbi wa wateja unakupokea kwa mbao za mti wa keyaki, ngumu na zenye mistari mizuri, zilizochongwa na mafundi waliolelewa kwenye ujenzi wa Kijapani huku wakifuata mchoro wa Kizungu. Dari liko juu sana, na ghorofani kuna roshani inayozunguka ukumbi, hivyo aliyesimama juu huona kaunta yote chini. Vipo chumba cha mkuu wa benki, mahali pa moto pa kuotea baridi ya kaskazini, na chumba cha hazina. Ukitembeza kiganja juu ya kaunta, unagusa mahali ambapo fedha ya watu ilibadilika kuwa imani, na mwaka 1931 imani ikashindwa kurudi kuwa fedha.

Jengo limegawanywa pande mbili. Upande mmoja, ulio wazi kwa matamasha na maonyesho bila kiingilio, unaitwa Eneo la Benki ya Iwate. Upande wa pili, wenye vyumba vilivyorudishwa katika sura ya 1911, unaitwa Eneo la Benki ya Morioka. Benki iliyookoka ingeweza kuandika jina lake kwenye kila mlango. Imeviachia vyumba vizuri kuliko vyote jina la benki iliyoanguka. Nionavyo mimi, huko ndiko kurudisha amana.