Kutoka "Nakudata" hadi "Neera": Nyimbo za Radio na Weasel kwa Mtazamo wa Kasese na Bwera

Historia ya Kiswahili nchini Uganda huanzishwa kambini: jeshi la kikoloni, amri ya Idi Amin ya mwaka 1973, kisha chuki ya raia. Makala hii inadai kuwa masimulizi hayo yameusahau muziki.

Mwaka 2008 Moses Ssekibogo (Mowzey Radio) na Douglas Mayanja (Weasel) walivuma kwa wimbo "Nakudata". Anwani hiyo si ya Kiganda. Kudata ni kitenzi cha mitaani chenye maana ya kupagawa, na kwa kawaida hakichukui yambwa; msemaji wa Dar es Salaam angesema "nimedata nawe". Wasanii hawa wamekipachika -ku- bila kuomba radhi. Wapo watakaoliita kosa. Mimi naliona kuwa dalili ya lugha iliyokwisha kumilikiwa.

Umiliki huo ulikuwa na ukoo. Wawili hao walitokea katika kundi la Jose Chameleone, kaka yake Weasel, aliyeanza kurekodi Nairobi na aliyezipa nyimbo zake anwani kama "Jamila" na "Kipepeo". Walipojitenga na kuunda Goodlyfe, mtindo ulibadilika: "Bread and Butter" ina anwani ya Kiingereza, "Neera" ya Kiganda. Soko la Kampala liliwavuta.

Kasese haikungoja soko hilo. Reli na mgodi wa shaba wa Kilembe, vyote vya mwaka 1956, viliwakusanya wafanyakazi wa makabila mengi waliohitaji lugha ya kuelewana. Bwera, kwa upande wake, hupakana na Kongo: katika soko la Mpondwe, Wakonzo na wafanyabiashara kutoka Kasindi, Beni na Butembo hupatana bei kwa Kiswahili ambacho hakikutoka kambini wala darasani. Kwa msikilizaji wa huko, "Nakudata" haikuhitaji mkalimani.

Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Radio hakuushuhudia uamuzi huo. Alifariki tarehe 1 Februari 2018. Mtaala ukimchukulia mtoto wa Bwera kuwa mgeni wa lugha hii, mwalimu atafuta kwa kalamu nyekundu kile ambacho mtoto huyo alikwisha kukijua sokoni na redioni, kisha atamfundisha salamu.