Undugu wa Njiani

Aprili 1876, mtemi Mirambo wa Unyamwezi na Henry Morton Stanley walichanjiana. Manwa Sera, kiongozi wa wapagazi wa Stanley, alimchanja kila mmoja mguu wa kulia, akatoa damu ya huyu akamtia huyu, kisha akatamka laana kwa atakayeuvunja undugu ule. Miaka mitano tu nyuma, Stanley alikuwa amepigana upande wa Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo huyohuyo. Sasa mmoja alihitaji kupita salama, na mwingine alihitaji marafiki waliotoka pwani.

Wako wanaosema undugu unaoanza kwa haja ni wa uongo. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walishuka kwa maelfu hadi Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani. Aliyeshikwa na homa Uzaramo hakuwa na shangazi wa kumpikia uji, na akifa hakuwa na wa kumzika. Utani ulijaza pengo hilo: Mzaramo alipata haki ya kumtukana Mnyamwezi na kumchukulia kitu chake, naye Mnyamwezi vilevile, lakini mwenye haki hiyo alibeba pia wajibu wa kumlisha mwenzake na kumzika. Wangoni na Wahehe walifika hapohapo kwa njia chungu zaidi. Waliuana vitani kwanza, ndipo wakawa watani.

Kuanza ni rahisi. Ni kwa namna walivyoudumisha ndipo ninapowavulia wazee kofia. Msibani, mtani huvaa kanzu ya marehemu, akaiga mwendo na kikohozi chake mbele ya wajane. Hushuka kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Waliokuwa wakilia hujikuta wanacheka, machozi bado mashavuni. Kazi hiyo haifanywi na ndugu wa damu, kwa kuwa naye amefiwa.

Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, enzi ya misafara ilikuwa imepita. Utani ulipanda treni na wenyewe hadi Dar es Salaam, mji uliojaa wageni, ambako watu wakaunda pia vyama vya kufa na kuzikana. Siku hizi rambirambi hutumwa kwa simu, na kwa aliye mbali ni msaada mkubwa. Hata hivyo msibani watu bado huangalia nani amekaa mkekani, na mwanachama anayetuma fedha kila mara bila kuonekana huanza kuulizwa: kwani sisi tumemkosea nini?