Mdahalo si Ugomvi

Sisi wa Puge tunaishi katika nchi ya Unyamwezi, ambako katika karne ya 19 wapagazi walipita na misafara kuelekea Tabora na Ujiji. Wasomi nao wana njia yao ya zamani: mdahalo. Kanisa letu la Kilutheri lilianzia katika njia hiyo.

Mwaka 1517 Martin Luther, mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg, aliandika hoja 95 kwa Kilatini, akiwaalika wasomi wenzake wazijadili. Katika vyuo vya wakati ule mdahalo ulikuwa sehemu ya masomo na mitihani: mmoja alitetea hoja, mwingine akaipinga, kila mmoja kwa zamu. Mwaka 1519, huko Leipzig, Johann Eck alimbana Luther mpaka akatamka kwamba hata mitaguso ya Kanisa inaweza kukosea. Hivyo mpinzani wake ndiye aliyemsukuma aone hoja zake zinaelekea wapi.

Mkoani kwetu tunao mfano mwingine. Januari 1958, TANU ilikutana Tabora kuamua juu ya uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walitaka kuususia. Mwalimu Julius Nyerere, aliyewahi kusoma na kufundisha mjini humo, alitetea kushiriki. Walibishana, wakapiga kura, wakakubali kushiriki. Ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alitoka akaanzisha chama chake. Mdahalo hauahidi kwamba wote watabaki, ila hakuna anayeondoka bila kusikilizwa.

Sisi je, katika vikao vya usharika? Mara nyingi tunanyamaza mbele ya mwenyekiti, kisha tunasema yote njiani kurudi nyumbani. Kijana akiuliza juu ya matumizi ya sadaka, tunamwita mkaidi. Lakini Matendo ya Mitume sura ya 15 inatueleza kwamba mitume na wazee walihojiana sana kuhusu tohara kabla Petro hajasimama kunena. Hawakuona aibu kubishana, na Kanisa halikufa.

Basi, wapendwa, anayetupinga kikaoni kwa hoja tumsikilize mpaka amalize, tumjibu alichosema, na Jumapili tushiriki naye meza ya Bwana.