Kufungwa na Kufungamana: Historia Fupi ya Mlinganyo wa Chembe Mbili

Mjini Kindu, kwenye ukingo wa mto Lualaba, saa huwa mbele ya zile za Kinshasa kwa saa moja kamili, ingawa miji hiyo imo katika nchi moja. Tofauti hiyo ni mapatano ya serikali tu, wala haihusiani na nadharia ya Einstein. Hata hivyo, humzoesha mwanafunzi wa Maniema wazo ambalo wanafizikia walilifikia kwa taabu: kwamba vitu viwili vinavyoshikana si lazima viende kwa saa moja.

Kwa Newton jambo hilo halikuwa na utata. Dunia na Mwezi huvutana katika wakati ule ule mmoja, na hesabu yake hutatuliwa kikamilifu. Mwaka 1905 Einstein aliuondoa msingi huo: matukio mawili yaliyo ya papo kwa papo kwa mtazamaji mmoja huweza kupishana kwa mwingine aliye katika mwendo. Dirac alipounganisha uhusianifu na nadharia ya kwanta mwaka 1928, alifaulu kuieleza atomu ya haidrojeni kwa sababu protoni, yenye uzito wa takriban mara 1836 ya elektroni, ilichukuliwa kuwa imetulia. Elektroni ilikuwa kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na kigingi hakihitaji saa yake.

Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya elimu ya juu nchini Kongo, huiita hali hiyo *état lié*. Istilahi hiyo haidokezi nani kamfunga nani. Kiswahili hakimpi msemaji nafasi ya kukwepa: ama chembe imefungwa, ama chembe mbili zimefungamana. Kauli ya kwanza yamfaa Dirac. Ya pili ilingoja hadi mwaka 1951, Martin Deutsch alipothibitisha kuwapo kwa positroniamu, yaani elektroni na positroni zenye uzito sawa, ambazo hata katika hali yake ya kudumu zaidi huangamizana baada ya wastani wa sehemu 142 za bilioni za sekunde. Hapa hakuna kigingi.

Breit alikuwa amejaribu mapema, mwaka 1929, kuandika mlinganyo wa elektroni mbili, lakini kwa wakati mmoja tu, na ukawa wa makadirio. Nambu alidokeza njia nyingine mwaka 1950. Mwaka uliofuata Salpeter na Bethe walitoa mlinganyo unaojulikana kwa majina yao, ambamo kila chembe ina wakati wake. Gharama yake haikuwa ndogo: palitokea kigezo kipya, tofauti ya nyakati hizo mbili, ambacho maana yake ya kimaumbile ni vigumu kuieleza. Mwaka 1954 Wick na Cutkosky walitatua mfano uliorahisishwa, wakakuta majibu ya ziada yasiyo na mwenzake katika nadharia ya kawaida. Mwaka 1963 Logunov na Tavkhelidze waliiondoa tofauti hiyo ili hesabu iwezekane. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ingawa ulilifunika swali zaidi ya kulijibu. Swali lenyewe liliendelea kuwasumbua wataalamu baada ya mwaka 1974, ilipogunduliwa chembe ya J/psi, ambayo ni kwaki na kinyume chake zilizofungamana.

Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, kikajikita Nyangwe na Kasongo. Huko Dar es Salaam, TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mwanafunzi wa Kindu anayejifunza mlinganyo huu kwa Kifaransa hana budi kuufafanua mwenyewe anapomweleza mwenzake kwa lugha ya nyumbani, na kitenzi atakachochagua kitaonyesha kama ameuelewa. Akisema elektroni ya haidrojeni imefungwa, amekadiria tu, kwani protoni nayo husogea kidogo. Kwa kuwa kiini kizito husogea kidogo zaidi, mistari ya nuru ya haidrojeni nzito huhama kiasi, na ni kwa kuupima mhamo huo ndipo Urey na wenzake walipoigundua deuteri mwaka 1931.