Konda, Dereva na Ngazi za Basi

Kukaa sana kunaumiza moyo: leo ukiambiwa unaitikia tu, sivyo? Daktari Jerry Morris ilibidi athibitishe. Aliwalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: dereva kakaa karibu zamu nzima, konda anapanda na kushuka ngazi kutwa. Mwaka 1953 jarida la Lancet likachapisha matokeo: makonda waliugua moyo kwa uchache zaidi.

Lakini subiri. Je, kama wanene ndio waliokimbilia usukani? Mwaka 1956 Morris akatoa vipimo vya sare: kweli, suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi. Ngazi peke yake zikawa ushahidi usiotosha. Baadaye akawageukia watumishi wa serikali, wote wa kukaa mezani, wakaandika walichofanya Ijumaa na Jumamosi. Waliotoka jasho hasa ndio waliosalimika zaidi.