Buchanan, Pat

Patrick Joseph Buchanan (amezaliwa Washington, D.C., 2 Novemba 1938) ni mwandishi wa safu mstaafu na mchambuzi wa siasa za kihafidhina nchini Marekani. Aliandika hotuba za Rais Nixon, akawa mkurugenzi wa mawasiliano wa Ikulu chini ya Reagan (1985–1987), lakini iliyompa jina hasa ni runinga, kupitia kipindi cha malumbano cha CNN, Crossfire.

Alipinga Vita vya Ghuba vya 1991 na uvamizi wa Iraq wa 2003, jambo lililomtenga na wengi wa kambi yake. Mwaka 1992 alimkabili Rais George H. W. Bush katika kura za mchujo za chama cha Republican, akitaka uzio mpakani mwa Mexico, na jimbo la New Hampshire likampa takriban asilimia 37 ya kura. Agosti hiyo, mjini Houston, aliwatangazia wajumbe wa chama kuwa nchi imo katika vita vya utamaduni. Bush alishindwa katika uchaguzi wa urais wa Novemba, na wapo waliomtupia Buchanan lawama.

Alishutumiwa kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Hata William F. Buckley, mhafidhina mwenzake, aliandika kuwa hawezi kumtetea. Donald Trump naye alimshambulia vikali mwaka 1999, kisha akashinda urais wa 2016 kwa hoja zinazofanana mno na zake: mpaka, ushuru na Marekani kwanza.