Anayetesa kwa Raha Aitweje?

Kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10 kila mwaka, neno "ukatili" huandikwa kwenye mabango, fulana na vipeperushi Tanzania nzima. Ni Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Katika kata ya Kemambo, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, siku hizo huangukia mahali pagumu: shule zinafungwa, na Desemba ndio mwezi wa tohara kwa Wakurya pale wazee wa koo wanaporuhusu. Mtu wa Kewanja au Kerende akisikia "ukatili", haendi mbali. Anamfikiria msichana aliyepelekwa kwa ngariba, mke aliyepigwa, kesi iliyofikishwa Dawati la Jinsia na Watoto pale kituo cha polisi.

Mpe mtu huyohuyo, akiwa mwanafunzi wa kidato cha sita, uhakiki unaosema kwamba mhusika fulani wa riwaya ana "ukatili". Mhakiki alikuwa anatafsiri neno la Kizungu, "sadism", lenye maana ya kupata raha kwa kumuumiza mwingine. Mwanafunzi atasoma na kuelewa kitu kingine kabisa: kipigo, ukeketaji, kesi. Raha imebaki njiani, nayo ndiyo iliyokuwa roho ya istilahi.

Sheria yenyewe imelikaza neno hili mahali pake. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinamhesabu mlezi anayemkeketa au kusababisha akeketwe mtu wa chini ya miaka 18 kuwa ametenda kosa la ukatili dhidi ya watoto, na kifungo chake ni kati ya miaka 5 na 15. Hakimu haulizi kama mzazi alifurahi au ngariba alicheka. Mara nyingi mzazi anaamini anamtengenezea binti yake ndoa na heshima, na ngariba analipwa ujira wake. Maumivu yapo, mtendaji yupo, kosa lipo. Mwenye kufurahia maumivu yale hayupo. Hata wanakijiji wa eneo la mgodi walipofungua shauri London mwaka 2013 kuhusu vifo na majeraha ya risasi, shauri lililomalizika kwa makubaliano mwaka 2015, hoja ilikuwa nani aliumizwa na nani awajibike. Moyo wa aliyefyatua risasi haukuwa na nafasi katika hesabu hiyo.

Ndiyo maana "ukatili" ni neno zuri la sheria na la harakati, lakini kwa mhakiki ni pana mno.

Istilahi ya kigeni ilitoka kwenye jina la mtu. Donatien de Sade, mwungwana wa Kifaransa aliyeishi kati ya 1740 na 1814, alimaliza sehemu kubwa ya utu uzima wake gerezani na hatimaye akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton. Mwaka 1785, akiwa mfungwa wa ngome ya Bastille jijini Paris, aliandika riwaya ya Siku 120 za Sodoma kwa herufi ndogondogo kwenye vipande vya karatasi vilivyogundishwa hadi vikawa mkunjo wa mita 12 hivi, akauficha ukutani. Alihamishwa siku chache kabla umati haujaivamia ngome Julai 14, 1789, na hakuuona tena mkunjo ule. Ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1904, na mwaka 2021 serikali ya Ufaransa ikaununua kwa zaidi ya euro milioni 4, baada ya kuwa imeshautangaza hazina ya taifa. Kabla mkunjo ule haujachapishwa, Richard von Krafft-Ebing, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Austria, alilichukua jina la Sade mwishoni mwa karne ya 19 akalifanya jina la hali ya nafsi: ashiki inayoamshwa na maumivu ya mwingine. Baadaye matumizi yakalegea, na leo hata bosi anayependa kuwaona wafanyakazi wakitetemeka anabandikwa jina hilo.

Riwaya ya Kiswahili inaonyesha vizuri mpaka unapita wapi. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku, Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo kile ni cha kutisha, na mwandishi, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Victoria, hakukipamba. Lakini Zakaria ni mlevi mwenye hofu ya aibu. Anapiga ili alinde jina ambalo yeye mwenyewe ameshalimwaga kilabuni. Ukimwita msadisti umempa sifa asiyoistahili, na umemnyima msomaji jambo lenyewe: kwamba baba wa kawaida kabisa, asiye na ugonjwa wowote wa nafsi, anaweza kuyaharibu maisha ya mtoto wake.

Haini ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 2003, inakwenda ndani zaidi. Mwandishi alikuwa mmoja wa waliowekwa kizuizini baada ya Sheikh Abeid Karume kuuawa Aprili 7, 1972, na riwaya yake inamfuata mfungwa ndani ya mateso ya Zanzibar ya wakati huo. Kurasa zile zinauma. Hata hivyo mateso yake yana kazi: yanatafuta maungamo. Dola inataka karatasi yenye sahihi, na mwili wa mfungwa ndio njia ya kuipata. Inawezekana mtesaji mmojammoja akaionea kazi hiyo utamu, lakini utamu huo haukuijenga nyumba ya mateso.

Anayekaribia zaidi ni Fuad wa Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya mwandishi huyohuyo ya mwaka 1978. Bwana huyu wa mashamba anamdhalilisha Kijakazi, mtumishi ambaye tayari anamtii kwa kila kitu. Hapa hakuna siri ya kuchopolewa wala utii wa kulazimishwa, maana utii upo tele. Matusi na manyanyaso yanayobaki ni ya ziada, na mhakiki anayetafuta raha ya kutesa aanze na ziada hiyo. Zakaria akipewa binti asiyemtia aibu, huenda mkono ukashuka. Fuad hakuna cha kumpa ili aache.

Je, Kiswahili kina neno lake kwa hali hii? Yapo mawili yaliyo jirani. "Inda" ni la zamani, na linabeba nia mbaya ya kumkera au kumdhuru mtu bila faida. Lakini inda ni ya majirani na wake wenza, ni ya kuziba njia ya maji au kukataa kuazima kinu. Kumwita mtesaji wa gerezani "mwenye inda" kungechekesha. La pili ni "kukomoa", linalosikika kila siku sokoni na kwenye daladala, nalo lina utamu ndani yake: anayekomoa anataka kumwona mwenzake akiumia, na anataka awepo wakati huo. Kasoro yake ni kwamba mkomoaji daima ana kisa. Alifanyiwa jambo, analipiza. Fuad hakufanyiwa lolote.

Kuna njia ya kukopa: "usadizimu" kwa hali, "msadisti" kwa mtu. Kwa daktari na mwanasaikolojia mkopo huu unafaa, kwa sababu unawafungulia vitabu vya dunia nzima. Kwa mhakiki una hatari yake. Neno geni linang'aa, na mwanafunzi hulibandika popote penye damu ili aonekane amesoma. "Raha ya kutesa" ni maneno matatu badala ya moja, lakini yanamlazimisha anayeyaandika ajibu swali: raha hiyo iko ukurasa wa ngapi? Asipoiona, arudi kwenye "ukatili", "unyanyasaji" au "mateso", ambayo yanatosha kabisa.

Swali hilo linakuwa gumu zaidi kwenye aina ya bunilizi ambayo mhakiki wa Marekani, Michael Silverblatt, aliipa jina katika gazeti la Los Angeles Times mwaka 1993, na ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa fasihi vunja-miiko. Mfano unaotajwa sana ni American Psycho ya Bret Easton Ellis, ya mwaka 1991, ambayo mchapishaji wake wa kwanza aliitema kabla haijatoka. Kazi za namna hii huondoa kisa kwa makusudi. Muuaji halipizi, hatafuti maungamo, halindi heshima, na msomaji anaachwa bila sababu ya kushikilia. Wengine huona hapo uchunguzi wa jamii iliyoshiba hadi ikaoza, wengine huona biashara ya damu. Lakini kabla ya kushangaa ya Wazungu, ikumbukwe kwamba ngano za kwetu humchoma fisi, humzamisha na kumnyofoa mkia huku watoto wakiangua kicheko. Raha ipo, ila imehamia kwa msikilizaji.

Faida moja ya kushika "raha ya kutesa" ni kwamba istilahi ya pili inapatikana bure. Krafft-Ebing alilichukua pia jina la mwandishi mwingine, Leopold von Sacher-Masoch, akaliita kwalo tamanio la kuumizwa. Kwa Kiswahili hiyo ni "raha ya kuteswa", na kauli ya kutendwa inamaliza kazi yote. Shida inayobaki ni ya uchapaji: herufi moja ikidondoka kwenye kitini cha mwanafunzi, mhusika anabadili upande. Mtunga kamusi angefanya vyema kuziandikia maingizo mawili tofauti, kila moja na sentensi yake ya mfano.